Fuwele Zisizonukia

Mei ile maua ya michungwa yalishuka mjini Grasse kwa magunia, na sisi wanawake wa kiwanda cha manukato tulikuwa tukiyachambua tangu alfajiri. Mimi, Batistine, nilitolewa kwenye maua nikapelekwa maabara, nikamsaidie Noélie Cresp kuponda barafu.

Noélie alikuwa mkemia wetu, mwanamke wa sauti ya chini na kichwa kigumu. Alikuwa akivutana na Bwana Gazan, bingwa wetu wa kutunga manukato. Gazan alishikilia kwamba ndani ya mafuta ya maua yale kuna harufu moja iliyojificha, na hakuna mkemia atakayeweza kuitenga.

"Ninyi watu wa chupa mnajua kuchemsha tu," alimwambia akiwa mlangoni. "Ua linawafia mikononi, kisha mnatuletea mzoga."

"Safari hii sichemshi, Bwana Gazan. Nitaifunga."

"Kwa kamba?"

"Kwa gesi."

Akaenda zake akicheka. Noélie akanieleza kuwa harufu ile ni alkoholi.

"Ya kunywa?"

"Ukiinywa hii, Batistine, padri atakuzika unanukia."

Alkoholi hiyo haivumilii moto mkali. Lakini kuna unga mweupe ambao ukiunguzwa hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na alkoholi kwenye ubaridi, hushikamana nayo zikawa kitu kigumu kiitwacho alofanati. Kitu kigumu unaweza kukiosha uchafu wote. Ukishakisafisha, unaivunja ile pingu, na alkoholi inatoka vilevile ilivyoingia.

Tukafungua madirisha, maana gesi ile ilichoma macho kama pilipili. Nikazungushia chupa barafu. Mwishoni tukapata kitu cheupe kinachonata.

"Uji," nikasema.

Noélie akapapasa ukuta. Ulikuwa umelowa. Mitambo ya kukeneka maua kwa mvuke, yaani kuyatoa mafuta yake, ilikuwa chumba cha pili, ikitupulizia mvuke mchana kutwa, na gesi yetu ikikuta maji huharibika.

Akayakausha mafuta kwa chumvi iliyookwa, kisha tukabeba kila kitu hadi darini, ambako upepo wa mistral ulikuwa ukipita umekauka kama mfupa. Tukaanza upya, polepole. Mafuta yakafifia, yakawa maziwa, yakaganda. Noélie akaigeuza chupa kichwa chini. Halikudondoka hata tone. Alikiosha kile kigumu, akakiyeyusha kwenye spiriti ya moto, akakiacha kipoe. Zikaota fuwele kama sindano.

Gazan akapanda darini, akazinusa.

"Hazina harufu. Umeiua."

"Imefungwa, Bwana. Ingenukaje?"

Noélie akazitia potashi ili kuivunja ile pingu, akaziachia mvuke mpole. Matone machache yakaelea juu ya maji. Akachovya kipande cha karatasi, akampa.

Gazan alifumba macho. Aliishusha karatasi, akainusa tena.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Naitafuta tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi."

Akafungua dirisha akawaita waliokuwa uani. Wakapanda wote na aproni zao, karatasi ikapita mkono kwa mkono. Wanawake wale walikuwa wameinamia maua maisha yao yote. Hawakuhitaji kuambiwa.

"Hii ni ile ya mapema," mmoja akasema, "kabla jua halijafika mtini."

Gazan akamgeukia Noélie. "Haya, binti. Unataka nini?"

"Chumba changu, kikavu, chenye madirisha. Na taarifa ya ugunduzi huu itoke kwa jina langu, si la mwenye kiwanda."

"Na akikataa?"

"Mwambie wewe. Wewe anakuogopa."

Gazan akavaa kofia, akashuka. Punde tukasikia sauti yake kutoka ofisini, orofa mbili chini, ikinguruma hata mitambo haikuifunika. Noélie akaketi juu ya sanduku, akavua viatu, akacheka mpaka nami nikacheka. Chumba alikipata kabla yasmini haijaanza kuchumwa, na taarifa ikatoka ikiwa na jina lake peke yake.