Matone Kwenye Magurudumu ya Gari Jekundu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, binti wa fundi alipiga magoti nyuma ya gari lililolala gerejini, akavuta boksi la karatasi ngumu lililokunjuliwa na kutandazwa chini yake, akalisoma. Baba yake alimfundisha hivyo tangu miguu yake haijafika kwenye pedeli. Jioni unatandaza boksi kavu, unachora kwa penseli mahali magurudumu yalipo, unafunga mlango unakwenda zako. Asubuhi matone yamekwisha kusema. Jeusi ni oili ya injini. La kijani ni maji ya rejeta. Yale ya rangi ya chai nyepesi hayajisemi. Hayo unayagusa kwa ncha ya kidole na kuyanusa.

Alhamisi ile boksi lilikuwa limetoka nusu, kiatu kikalikanyaga.

"Liache, mama," baba yake akasema. "Leo nitalitazama mwenyewe."

Hakuwa amewahi kulikanyaga boksi hata siku moja. Alikuwa amefika mapema kuliko kawaida yake, vifungo vya shati vimepishana, na alisimama pale kama mtu aliyekuja kuziba mlango. Lakini ile nusu iliyotoka ilitosha. Ndani ya alama za magurudumu ya nyuma palikuwa na madoa mawili mapya, mapana kama visahani. Jumatatu jioni binti alipoondoka, magurudumu yote manne yalikuwa makavu.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, jekundu, la milango miwili, limemzidi binti umri, na viti vyake viwili vilikaa chini hata ukiingia unajiona kama umeketi sakafuni. Mwenyewe alikuwa muuguzi mmoja mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Gari hilo lilikuwa la kaka yake. Kaka alipofariki, yeye akabaki nalo pamoja na shati lake moja na redio. Jumamosi angelishusha mlimani hadi bondeni kwa mama yao, na mtoto wake wa kike wa miaka saba kwenye kiti cha pili. Barabara ya huko ni mteremko wa kilomita kumi na nne, kona ikikuachia kona inakupokea. Muuguzi aliyasema hayo mara mbili siku aliyolileta, na mara ya pili alimtazama binti, si fundi.

Lilikuja likivuja kama kapu. Binti aliiosha injini yote, akaikausha kwa matambara, akainyunyizia poda ya watoto mpaka ikawa nyeupe pe, kisha akaiwasha na kuchuchumaa pembeni na tochi. Baada ya robo saa poda ilikuwa imelowa mahali pawili: chini ya kava la injini, na kwenye shingo ya pampu ya maji. Baba alibadilisha gasketi na pampu kwa siku moja, akiimba. Ikabaki kazi ndogo, kumwaga mafuta ya breki yaliyokaa humo miaka na kutia mapya. Binti akaomba ruhusa ya siku mbili, Jumanne na Jumatano, kwenda chuoni kuchukua cheti chake.

Siku mbili tu. Alizihesabu tena na tena baadaye.

Watu walimwita baba yake Pua. Jina hilo alilipata ujanani, pale alipopita karibu na gari la mtu, akasimama, akamwambia mwenyewe kuwa breki za kushoto zinavuja, na kweli zilikuwa zinavuja. Tangu hapo akawa na maringo yake. Mafuta aliyanunua kwa madebe na kuyamimina kwenye chupa za maji ya kunywa, bila kuandika lolote juu yake. Ya breki na ya usukani yalisimama rafu moja, rangi moja, bega kwa bega. Binti alipotoka chuoni na vibandiko vyake vya karatasi, mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema karatasi ni za watu ambao Mungu hakuwapa pua.

Kisha mwaka jana ikaja ile homa iliyomlaza wiki tatu. Alipona, akarudi kazini, akaendelea kutania. Lakini siku moja maziwa yaliungua jikoni moshi ukajaa nyumba, naye ameketi hatua tatu akisoma gazeti. Siku nyingine mshona viti wa jirani alijimwagia manukato ya harusi akaja kumchokoza, "Haya, Pua, leo nanukaje?" Mzee akajibu haraka, unanuka deni. Watu wakaangua kicheko. Binti alicheka pia, ila alimwona baba yake akimeza mate.

Hakusema. Angeanzaje kumwambia Pua kwamba hana pua? Akawa anapita nyuma yake. Mzee akishaweka chupa chini, yeye huiinua, huinusa, na ikiwa siyo, huibadilisha kimya kimya na kurudisha kifuniko kama kilivyokuwa. Mwaka mzima alifanya hivyo, na mwaka mzima baba yake akaonekana kuamini kwamba mikono inatosha.

Alhamisi hiyo mzee alivua magurudumu ya nyuma, akachomoa mipira ya breki, ile midogo inayozuia mafuta yasivuje, akaitupia mezani. Ilikuwa imevimba, laini, inabonyea kama mkate uliolowa. Akawatukana wauza vipuri saa nzima. Mipira feki, alisema, siku hizi hata mipira inaghushiwa. Akavalisha mingine, akajaza mafuta kutoka kwenye chupa ileile, akapiga pedeli mara ishirini, ikawa ngumu kama jiwe. Ijumaa asubuhi magurudumu ya mbele nayo yalikuwa yamelowa.

Binti alisubiri baba yake atoke kwenda kunywa chai. Akachota tone kwenye kopo la mafuta ya breki ndani ya boneti, akalidondoshea ndani ya glasi ya maji. Mafuta ya breki huzama na kupotea ndani ya maji kama sukari. Tone hili lilipanda juu, likatanda, likakaa, linang'aa. Akaiangalia glasi mpaka macho yakamuuma. Mafuta ya usukani hula mipira ya breki. Yaliingia Jumanne, yeye akiwa chuoni, na sasa yalikuwa kila mahali, kwenye silinda, kwenye paipu, kwenye magurudumu yote manne. Hapo hakuna cha kujaza. Ni kumwaga yote, kusafisha kila paipu kwa spiriti, na kutupa kila kipande cha mpira kilichomo. Kwa gari la umri ule, vipuri peke yake vingechukua wiki mbili kupatikana.

Baba aliporudi, alimweleza kwa njia yake, yaani hakumweleza. Alimuuliza kama si vizuri kumwaga mafuta yote waanze upya. Mzee akasema kumwaga mafuta mapya ni laana. Alimwambia kwamba chuoni waliwafundisha kitu kuhusu maji na glasi. Mzee akasema chuoni wanafundisha kunywa maji. Mwishowe akachukua chupa ile, akamimina kidogo kiganjani, akamnyooshea.

"Baba, nisaidie. Haya ni ya wapi?"

Mzee alifumba macho, akainamisha uso kwenye kiganja cha bintiye, akavuta pumzi ndefu, taratibu, kama zamani. Masharubu yake yaligusa mafuta.

"Breki," akasema. "Umesahau mpaka harufu ya breki?"

Yalikuwa ya usukani, yenye harufu nzito inayofanana na ya cherehani iliyopakwa mafuta. Binti alifuta kiganja kwenye ovaroli, akasema ahaa, kumbe. Akaenda msalani, akafungulia bomba ili asisikike.

Jumamosi muuguzi alikuja saa tatu badala ya saa saba. Mama yake alikuwa amepiga simu tangu alfajiri. Mzee alikwisha kujaza kopo na kukanyaga pedeli, na pedeli ilikuwa imesimama. Akamkabidhi funguo kwa mikono miwili, akamwambia breki hizi asizikanyage kwa nguvu, miwani itamruka usoni. Muuguzi akacheka, ilikuwa mara ya kwanza binti kumwona akicheka. Mtoto alishaingia, amefungwa mkanda, anageuza geuza kitasa cha redio.

Binti akasema huenda mvua ikanyesha mlimani. Muuguzi akatazama mbingu, zilikuwa safi. Binti akasema labda walizungushe kwanza hapa mtaani, siku mbili tatu. Mzee akasema mtoto wangu amelipenda gari la watu. Binti akafungua kinywa mara ya tatu, akajikuta anamwambia mtoto afunge dirisha, vumbi litamwingia.

Gari likawaka. Lilinguruma vizuri, na mzee alisimama kando amekunja mikono, kichwa kimeinama upande, akilisikiliza kama mtu anayesikiliza sifa zake zikisomwa.

Binti alijikuta mbele ya gari. Aliweka viganja vyake viwili kwenye boneti na kuuhisi mtetemo ukimpanda mpaka viwiko.

"Toka hapo, mama," baba yake akamwambia.

Hakutoka. Alimtazama, na katika uso wa mzee hakuona hasira. Aliona mtu anayemwomba kitu. Kwa mara ya kwanza akafahamu kwamba mzee alijua, labda si kuhusu Jumanne, lakini kuhusu mwaka mzima, na kuhusu zile chupa zilizokuwa zikibadilishwa nyuma yake. Muuguzi alikuwa ameshusha kioo, anauliza kuna nini. Mshona viti wa jirani alikuwa amesimama na sindano yake mkononi.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aanze tena.

"Zima gari, dada. Mteremsheni mtoto. Baba ametia mafuta ya usukani kwenye breki, kwa sababu hasikii harufu tena, hajasikia tangu alipougua. Nami nilijua. Nilijua mwaka mzima, nikanyamaza."