Tulipobadilishana Mabinti

"Nirudishie mtoto wangu!"

"Nikurudishie? Kwani nilimwiba?" Fundi cherehani alisimama mlangoni kwake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Si ulimleta mwenyewe, na daftari mkononi?"

"Nilimleta umsaidie hesabu. Sikumleta umfanye wako."

"Basi na wewe nipe wangu! Siku hizi nikifungua mdomo tu, naambiwa, 'Mama mkubwa hasemi hivyo.' Mama mkubwa! Tumenyonya ziwa moja mimi na wewe?"

Ua mzima ulikuwa umetoka. Hata mpangaji wa chumba cha mwisho, anayeapa kuwa hapendi umbea, aliacha povu la sabuni limkaukie mashavuni asije akapitwa na neno. Mimi ni mtu wa watu, nyumba tupu hainikai; lakini siku ile ningefurahi ua ule ungekuwa jangwa. Kilichonigombanisha kilikuwa na jina, nami sikuthubutu kulitaja. Ulikuwa wivu.

Na mpango wenyewe tuliubuni sisi wawili. Binti yangu alikuwa amebaki nyuma darasani, na kila jioni tukiketi mezani, sauti yangu ilipanda kabla hajamaliza swali la kwanza. Mimi ni msusi. Vidole vyangu huweza kufumua nywele zilizosokotana asubuhi nzima bila kuchoka, ila subira hiyo niliiacha saluni pamoja na vitana. Ikafika siku akaniambia, bila chozi, kama mtu anayetaja jina lake: "Mimi ni mjinga, mama." Ng'ambo ya ukuta, fundi naye alikuwa akimfokea wa kwake.

Kesho yake tulikutana bombani, tukachekana, tukabadilishana. Wako kwangu, wangu kwako, mpaka chakula cha jioni. Mtoto wa mwenzio humfokei, unaona haya.

Mpango ukafanikiwa, na balaa ndilo hilo. Baada ya miezi miwili wangu alikuwa ananyoosha mkono darasani. Mwalimu aliniita kunipongeza, nikazipokea pongezi kama aliyevaa gauni la kuazima. Jioni nikipita dirishani kwa fundi, namsikia binti yangu akieleza nusu na robo kwa vipande vya kitambaa, na fundi akiguna, "Mmh? Mmh." Kisha kicheko. Kicheko kile nilikibeba miezi tisa, leo kinanoga kwenye nyumba ya mwingine!

Basi baada ya ugomvi, kila mtu akachukua wake. Nilikaa na binti yangu mezani nimejiapiza kuwa mpole. Swali la kwanza akalipata. La pili akasita, kalamu ikabaki hewani.

"Hata hili?" nikasema.

Maneno mawili, wala sikupandisha sauti. Akalifunika daftari kwa kiganja, taratibu, kama anayeficha kidonda, na nikaona midomo yake ikianza kuiunda ile sentensi.

"Usiseme," nikamwambia. "Chukua daftari, twende."

Kutoka mlango wangu hadi wa fundi ni hatua kumi na mbili. Sijawahi kwenda mbali kuliko siku ile. Fundi alifungua, macho mekundu; nyuma yake wa kwake alikuwa tayari amekumbatia vitabu vyake. Mabinti wakapishana kizingitini bila kutuuliza.

"Hebu niambie," nilinong'ona, "huwa unamwambia nini?"

"Simwambii kitu, dada. Nabana pini midomoni nikishona. Nitasema vipi?"

"Na wako je?"

"Wangu hunifanya nizitoe."

Nilicheka, lakini moyo haukucheka. Binti yangu ni mtu mzima sasa, ana kazi yake na watoto wake, na habari njema akizipata humpigia fundi kwanza. Hunichoma hadi leo.

Jioni ile nilimaliza masomo na wa fundi, nikamrudisha kwao. Sahani zilikuwa zimeshapangwa. Binti yangu alikuwa akimwonyesha fundi kosa kwenye vipimo vya mkono wa gauni, na fundi anakuna kichwa. Nikabaki nimeegemea mwimo wa mlango, sijui niite au ningoje.

Akaniona.

"Mama, mbona umesimama huko?" Alisogea kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki ubavuni pake. "Karibu. Ingia ule."