Sabuni ya Kwanza ya Yaya Blandine

Kama hujawahi kutengeneza sabuni nyumbani, nitakufundisha bure, maana karo nililipa mimi kwa meno yangu.

Unachukua mawese, unayapasha moto mpaka wekundu wake upungue, kisha unayaacha yapoe kidogo. Pembeni unamimina sude ndani ya maji. Sude ni yale magamba meupe ya sokoni, yanafanana na chumvi ya mawe lakini yana hasira. Yakigusa maji, maji yanachemka yenyewe bila moto na kutoa moshi wa kukaba koo. Baadaye yanatulia, yanakuwa safi kabisa, ungeyaona ungesema ni ya kunywa. Somo la hatari liko hapo.

Yaya Blandine, dada yangu mkubwa, alijifunza kwa wamama wa parokia. Sabuni ilikuwa imekosekana madukani tangu njia zifungwe, na yeye ni mtu wa kulala njaa ilimradi shuka ziwe nyeupe. Siku ile risasi zilianza kulia asubuhi upande wa milimani, na avenue yetu yote hapa Rugenge ikajifungia. Nilimwambia tuingie ndani, sabuni si mtoto mchanga. Akanijibu kwamba sude imeshafunguliwa, ikikaa wazi itanyonya unyevu na kuharibika, na mimi Chance kama naogopa nijifiche chini ya kitanda. Basi nikabaki uani kumchokoza. Nilimwambia sabuni yake ikikataa kutoa povu tutaiuza kama jibini.

Ndoo nyeupe ya sude ilikuwa kivulini, sufuria ya mawese juu ya mbabula ya makaa iliyozimwa. Tulikuwa tunangoja vyote viwili vipoe ndipo tuchanganye. Mlango wa parsele, ule wa kuingilia uani, ukapigwa teke, ukaanguka wote.

Waliingia wawili. Wa upande gani usiniulize, bunduki haiji na kitambulisho. Mmoja alivaa kofia ya sufu kwenye jua lile. Huyo alipita moja kwa moja ndani kupekua. Mwingine, mrefu, midomo imepasuka kwa kiu, akanidai simu. Nikamwambia iko mfukoni, ila kioo kimevunjika, atapata hasara. Ni mazoea, mdomo wangu hutangulia akili. Kitako cha bunduki kikanijibu. Nilisikia meno yakivunjika kabla sijasikia maumivu. Nilipoanguka akaendelea, mbavuni, mgongoni, bila hasira yoyote, kama mtu anayetwanga majani ya sombe.

Alipochoka, akataka maji. Hakuomba. Aliangua gobeleti ya alumini ya kunywea maji iliyoning'inia ukutani, akaichovya ndani ya ndoo nyeupe.

"Shefu, hayo si maji," yaya alisema. "Ni sude ya sabuni. Itakuchoma tumbo."

Mrefu alicheka. Alisema kila nyumba wanayoingia ina hadithi yake: kuku ni mgonjwa, simu imekufa, na leo hata maji si maji. Kisha kicheko kikakatika. Huku kwetu hakuna anayekunywa kwa mtu kabla mwenye nyumba hajaonja, hata kwenye arusi. Karuho, ile sumu ya kutegeana, tunaiogopa kuliko kipindupindu. Na yeye alilelewa hivyo hivyo. Akamsogezea yaya gobeleti mdomoni.

"Onja."

"Nikionja nakufa, shefu."

"Kumbe ulitaka nife miye."

Akikataa, ni mtega sumu, na mtega sumu dawa yake ni risasi. Akimeza, koo linayeyuka. Yaya alikunja midomo ndani ya meno. Mrefu akamgongesha kichwa ukutani, akamkaba taya kwa mkono mmoja, gobeleti ikining'inia katikati ya nyuso zao mbili, akingoja mdomo ufunguke. Mimi, niliyekuwa nafukuzwa darasani kwa maneno mengi, nilijaribu kusema na damu tu ndiyo ilitoka.

Kilichomwokoa yaya ni kwamba sude inakula alumini. Gobeleti ilianza kuvuma kama mafuta ya mandazi. Povu la kijivu likapanda, likamwagikia vidole vya Mrefu, na gobeleti yenyewe ikawa ya moto. Akashtuka, akaitupa bila kuangalia. Nusu ilimwagika mguuni kwa yaya. Nusu ilimwingia Mrefu mwenyewe machoni.

Alilia kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Kofia akatoka mbio, redio yetu kwapani.

"Umemupa nini?"

"Sude. Chukua bidon ya maji, iko chini ya kitanda. Mumwagie machoni yote, musisimame."

Ilikuwa kweli tupu, na kwa mara nyingine haikumsaidia. Kofia alisema mwenye kutega sumu hawezi kutaja dawa yake. Dawa ya sumu yeye aliijua tangu kwa mama yake, kama sisi wote tulivyofundishwa: mawese. Akaiona sufuria.

Yaya alijaribu kumzuia, akapigwa teke la tumbo. Kofia akamlaza mwenzake chali, akamkalia kifuani, akammiminia mawese machoni na mdomoni, akasugua kwa kiganja. Yalikuwa bado ya moto. Sasa, mwanafunzi wangu, unakumbuka somo: mawese, sude, koroga. Sabuni yetu ya kwanza ilianza kushika juu ya uso wa mtu, ya manjano, nzito, na ngozi ilitoka pamoja nayo. Mrefu alikuwa akipigapiga visigino chini.

Kofia alitazama kiganja chake, akaona kilichobaki pale. Akainua bunduki kwa yaya. Mrefu, akipapasa asichokiona, akamkamata Kofia mguu na kumvuta. Risasi zikaingia kwenye mabati na kwenye ndoo, sude ikatiririka uani. Bunduki nyingine zikajibu kutoka barabara kubwa, karibu sana. Kofia akatukana, akamburuta mwenzake kwa ukosi wa shati. Kilio kilishuka na avenue kuelekea ziwani, kikachukua muda kuisha.

Nilitambaa ndani, nikaitoa bidon, nikammwagia yaya mguu mpaka aliponizuia. Akakinga maji kwa kiganja, akasukutua mdomo, akatema. Tena. Tena. Hakuna tone lililokuwa limeingia, niliiona midomo yake imefungwa muda wote. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba tukimbilie Kimanga kwa shangazi Georgette, kabla Kofia hajarudi na wenzake. Nje watu walikuwa wameshaanza kukimbia, magodoro kichwani.

"Ngoja," alisema. "Bado inachoma mdomoni."

Nikaiinamisha bidon, akakinga tena.