Pindo la Shati la Ardis

"Skrubu niliyoikaza mimi hailegei mpaka kiama," Ardis Tollefson hupenda kusema. Halafu, kabla mtu hajamkumbusha, hujikumbusha mwenyewe: isipokuwa zile za kiti cha choo cha kanisani, kile kilichomtupa mchungaji sakafuni siku ya Pasaka. Lakini choo ni choo, na bunduki ni bunduki.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Lavern, shemeji yake. Alinunua darubini mpya ya kulengea, akataka kuifunga kwa kisu cha mfukoni. Ardis akamnyang'anya.

"We shemeji, hiyo si kopo la maharage!"

Akafungua kikasha chake cha bisibisi za mafundi bunduki, akajaribu hii, akajaribu ile, mpaka akapata iliyojaa kwenye mfereji wa skrubu kama mguu ndani ya soksi. Akakaza taratibu. Vichwa vya skrubu vikabaki laini, havina mkwaruzo.

Siku msimu wa kuwinda kulungu ulipofunguliwa, mlio mmoja ulisikika msituni, na mchana Lavern akarudi kambini akipangusa theluji mabegani, mikono mitupu.

"Umekosa," alisema Elroy, mume wa Ardis, ambaye ndiye mkubwa wa kambi hiyo ya wawindaji. Macho yake yalikuwa tayari yamekwenda ukutani. Pale anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati, likapigiliwa msumari na jina lake juu. Ukuta ule ulikuwa umejaa mapindo ya Lavern; ungeweza kushona pazia.

"Sijakosa mimi, imekosa bunduki! Shika hiyo darubini, kaka. Inacheza kama jino bovu."

Elroy akaishika. Kweli, ilicheza.

"Basi sheria unaijua, mke wangu. Kosa likiwa la bunduki, hukatwa aliyeitengeneza."

Ardis alishika pindo lake. Shati alilovaa, la sufu nyekundu ya miraba, lilishonwa na marehemu mama yake, na jina lake halijawahi kutundikwa ukutani pale. Akaipeleka bunduki dirishani, akavaa miwani.

Vichwa vya skrubu vilikuwa vimetafunwa. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Bado vimetafunwa. Sasa hii ni nini? Aliviacha laini, aliviona kwa macho yake. Au hakuviona? Labda alichukua bisibisi ya jikoni bila kujijua. Labda alikaza kinyume. Kiti cha choo nacho alikuwa na hakika nacho, na mchungaji bado anachechemea.

"Umri, shemeji," Lavern alisema kwa huruma nyingi mno. "Hauna adabu."

"Umri wangu haujawahi kutafuna chuma."

Kwenye mfereji wa skrubu moja kitu kiling'aa. Akakichokoa kwa sindano: kipande cha chuma, kidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Cha bisibisi? Akazikagua zote. Zilikuwa nzima.

"Lavern, kisu chako kiko wapi?"

"Kilidondoka kwenye theluji asubuhi, hata sijafika kwenye mti wangu wa kuvizia. Nimekililia, shemeji!"

Ardis akachanganyikiwa zaidi. Kama si kisu, si bisibisi, ni nani? Panya? Panya hafungui skrubu. Mwisho akachoka kufikiri, akachomoa shati kutoka kwenye suruali, akageuza mgongo.

"Kata, Elroy. Ila taratibu, ni mshono wa mama."

Elroy akaja na mkasi wa jikoni. Mkasi ukaitafuna ile sufu, ukaitafuna, haukukata hata uzi mmoja.

Lavern alikuwa ameshashika nyundo na msumari, furaha imemjaa mpaka masikioni.

"Aa, kaka, mkasi gani huo, wa kukatia uji? Sogea!"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kisu, akakifungua. Ncha yake ilikuwa imepinda kama mkia wa nguruwe, na pembe moja haipo.

Ardis alikuwa amegeuza shingo. Alinyoosha kidole chake, na kile kipande kikiwa juu yake, akakisogeza pale penye pengo. Kikaingia sawasawa.

"Hicho," Elroy akauliza, "ndicho kilichodondoka kwenye theluji?"

Lavern alikitazama kisu kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Kime... kimerudi," akasema.