Sakafu ya Jiko la Uani

Levina alichota majivu kwa bakuli la plastiki, akaanza kuchora jiko. Alilichora chini, kwa ukubwa wake halisi, palepale lilipoanguka jiko la zamani la miti na udongo mto Lumemo ulipofurika. Mstari mmoja ukuta, mwingine ukuta, pengo la mlango. Wenzake wawili, wapangaji kama yeye, walisimama pembeni wakimkosoa.

"Mafiga yasitazame mlango," alisema Domitila, mkubwa wao kwa umri. "Jioni upepo unaingia moja kwa moja. Tutakula wali wa majivu."

"Na mimi msiniweke kule kwenye kona, bibi," alisema Sada, ambaye alipika maandazi ya kuuza na mimba yake ilikuwa imeshakuwa kubwa. "Moshi unanitapisha."

"Kona ni yangu," Levina alisema. "Nataka kuta mbili za kushikia uchaga."

Uchaga ndio uliomlisha. Alinunua kambale na perege kwa wavuvi wa Kivukoni, akawalaza kwenye fito juu ya moto wa kuni, akawakausha kwa moshi polepole, kisha akawapeleka sokoni. Tangu jiko lianguke alikuwa anakaushia uwanjani, na kila mvua iliponyesha alitupa samaki. Sasa masika yalikuwa yanabisha hodi. Bila moto chini ya bati, Levina hakuwa na kazi.

Basi wakaijaribu ramani yao. Waliingia ndani ya mistari na masufuria matupu, kila mmoja akajifanya anapika. Levina akageuka na sufuria lake, likamgonga Sada tumboni. Sada akapiga ukelele wa uongo, na Domitila akacheka mpaka akakaa chini. Wakafuta mstari kwa nyayo, wakausogeza ukuta. Meza ya kukatia wakaipandisha kwa ajili ya kiuno cha Domitila. Dirisha wakaliweka juu kabisa, la nondo tupu, ili moshi upate pa kutokea.

Mzee Kelestini, mwenye nyumba, alikuja kuangalia, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Hili jiko ni lenu. Mimi natoa matofali, bati na fundi, nyie toeni nguvu. Pangeni mnavyotaka."

Mtu anayesoma masomo kanisani kila Jumapili akikwambia hivyo, utamdai akusainie wapi? Walimwamini. Wakabeba kifusi kwa ndoo vichwani, wakakimwaga, wakakishindilia kwa kipande cha gogo mpaka sakafu ikapanda usawa wa magoti, maji yasiifikie tena. Sada walimkataza kunyanyua, akabaki kumwagilia. Viganja vya Domitila vilichubuka na hakulalamika. Kwao Mahenge, alisema, mwanamke aliyeshindilia sakafu ya jiko haondolewi kwenye moto wake, hata akiachika.

Levina akaichora upya ramani kwa majivu juu ya sakafu hiyo, fundi Beatus akainua kuta kwa kuifuata, akapaua. Levina akafunga fito za uchaga kwa mkono wake. Jumapili, baada ya misa, akaenda Kivukoni kusubiri samaki.

Alirudi Jumatano asubuhi kwa bodaboda, amepakata ndoo ya kambale. Kitu cha kwanza alichokiona ni mafiga. Yalikuwa yametupwa chini ya mpapai, na fito za uchaga zimekatwakatwa na kurundikwa juu yake. Ndani ya jiko, sakafu nzima ilikuwa nyeupe pee. Vigae, vinang'aa, mtu angeweza kujitazama. Beatus alikuwa anapima ukuta kwa tepu.

"Beatus, hii nini?"

"Dada, mi' natumwa tu." Hakumtazama usoni. "Hapa linakaa sinki, hapa kabati, pale mtungi wa gesi. Dirisha la juu nitaliziba, linakuja la aluminiamu. Na ukuta huu nautoboa, jiko liungane na nyumba kubwa. Kuna bosi wa mradi anahamia kutoka Dar, anataka jiko la kisasa."

"Na sisi?"

"Mi' nilijua mmeshaambiwa."

Domitila alikuwa amekaa kizingitini kwake, viganja juu ya magoti. "Tumesema weee," alisema. "Juzi mimi na Sada tulimfuata mzee. Katuambia tusimpandishe presha."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Mgeni huyu alikuwa hajafika bado, na wenyeji walikuwa wameshaumia. Levina akaifunika ndoo yake kwa kanga, akaenda barazani kwa Mzee Kelestini, akamkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama? Samaki wapo?"

"Wapo. Nitawakaushia wapi?"

Mzee Kelestini akapuliza chai yake. "Levina, dunia inakwenda mbele. Kila siku redioni wanatuambia tuachane na kuni, tutumie gesi. Wewe unataka turudi nyuma?"

"Kambale hakaushwi kwa gesi, mzee."

"Si uwanja upo? Mkubwa kabisa."

"Na mvua?"

"Mvua huisha."

"Ulisema jiko ni letu. Ile sakafu tumeishindilia kwa mikono yetu."

"Nani kakataa? Mmenisaidia sana, nawashukuru. Mungu atawalipa."

Kumbe sakafu ilikuwa yake, na malipo ni juu ya Mungu! Levina alitaka kuimwaga ile chai. Badala yake akaaga vizuri, kama alivyolelewa, na kujichukia kwa kuaga vizuri.

Alimtafuta mwenyekiti wa mtaa, akampata saluni, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa. Alimweleza yote akiwa amesimama, maana benchi lilikuwa limejaa vijana wanaotazama mpira na hakuna aliyempisha.

"Mlikuwa na mkataba wa hilo jiko?" mwenyekiti aliuliza, macho kwenye kioo.

"Alitamka mwenyewe, mbele yetu watatu."

"Watatu wote wapangaji wake. Basi huna shahidi. Kiwanja cha nani?"

"Chake."

"Matofali ya nani?"

"Yake."

"Sasa wewe mama unadai nini? Jasho?"

Kinyozi akacheka. Vijana kwenye benchi nao wakacheka, bila hata kujua kinachochekwa. Ndiyo, jasho. Alikuwa anadai jasho lake, la Domitila mwenye kiuno kibovu, na la Sada aliyemwagilia maji akishika tumbo. Lakini hakuna meza katika mji ule ambapo mtu angeweza kulipeleka jasho likaandikwa. Levina akatoka, macho yakimwasha kwa hasira.

Aliporudi, nzi walikuwa wameshaijua ndoo. Samaki hawakungojea haki. Aliwapasua, akawatoa matumbo, akamkunja kila kambale mkia ukaingia mdomoni, akaupachika kwa kijiti. Akayatoa mafiga chini ya mpapai, akayapanga uwanjani, akaweka wavu wa chuma juu yake, akawasha. Kabla samaki hawajashika joto, mvua ikaja kutoka upande wa milima na kuuzima moto. Akawasha tena, akaukinga kwa kipande cha bati bovu, huku Domitila akilishikilia bati upande wa pili. Upepo ukaligeuza. Moto ukafa mara ya pili, na majivu yakawa uji.

Levina alisimama mvuani akilitazama jiko. Bati lilikuwa zima, kuta kavu, na sakafu waliyoipandisha wenyewe ilikuwa kavu vilevile, juu ya maji yaliyoanza kutanda uwanjani. Ndani hapakuwa na kitu zaidi ya Beatus, amejikinga mvua, amekaa juu ya ndoo yake ya saruji.

Akaviringisha figa moja kwenye kanga yake, akalikumbatia, akaingia nalo.

"Dada, hapana," Beatus alisema, akiinuka. "Vigae vya watu hivyo."

Levina akampita. Aliliweka figa kwenye kona, mahali majivu yalipokuwa yamesema. Alipogeuka alimkuta Domitila mlangoni na figa la pili, anahema. La tatu Levina akalifuata mwenyewe. Sada akaja na kuni kavu alizokuwa amezificha chini ya kitanda chake.

Beatus aliwatazama. Kisha akakusanya mwiko wake, pimamaji yake na tepu. "Mi' sikuwepo," alisema, akatoka mbio kwenye mvua.

Levina akaupandisha wavu wa kambale juu ya mafiga, na moto ukashika. Moshi ukapanda ukutani, ukalitafuta dirisha la juu ambalo lilikuwa halijazibwa, ukatoka wote.

"Unaona?" Domitila alisema. "Haurudi ndani."

Kambale walianza kuchuruza mafuta, na harufu ikafika nyumba kubwa. Mzee Kelestini akaja na mwavuli, akasimama mlangoni, mdomo wazi. Ndipo kigae cha kwanza kilipopasuka kwa joto, kwa mlio mkali uliowashtua wote.

"Vigae vyangu!" alipiga kelele. "Levina! Mmerogwa? Kesho mnahama! Wote watatu, kesho!"

Levina alikuwa amechuchumaa. Akainua uso, akasema kwa sauti ya heshima ileile aliyomsalimia nayo asubuhi.

"Sawa, mzee. Kesho. Leo nina samaki."

Kigae cha pili kikapasuka, mlio wake mkubwa kuliko wa kwanza. Sada akasukuma kuni nyingine motoni, na Levina akaanza kuwageuza kambale, mmoja mmoja.