Uzito wa Yugu

Jua likiwaka, Paska alianika mihogo mbele ya ghala la Afande Wani pale Koboko, na akiinua macho aliuona mtiki uliosimama nyuma ya ghala hilo. Ghala lenyewe lilikuwa refu, la matofali, halina hata dirisha moja. Mwanga kutoka kwenye mti ulifika ukutani, ukapinda, ukalizunguka ghala na kumfikia. Majirani nao waliuona mti, wakaendelea kutwanga.

Binti yake Night, mwalimu wa fizikia mjini Arua, ndiye aliyekosa utulivu. Kila Jumamosi alipanda teksi hadi Koboko, akapima pembe, akarudi, akalala akigaagaa. Alijua kilichokuwa chini ya sakafu. Kwao kaburi ndilo hati ya kiwanja: alipolala mzee wenu, hapo ni penu. Baba yake, Yugu, alizikwa pale. Afande akamwaga saruji juu ya kaburi, akajenga, kisha akasema hapajazikwa mtu.

"Baba yako iko nzito," Paska alisema. "Hata wakati iko hai, kitanda ilikuwa nalia."

Kitu kizito hupinda mwanga, na karibu nacho saa huchelewa. Jua hupinda mwanga wa nyota, kidogo mno, na wataalamu waliupima lilipopatwa. Saa ya Paska, iliyotundikwa kwenye ukuta wa ghala, ilibaki nyuma ya ile ya kanisani. Kwa uzito hafifu hesabu ni rahisi, na Night aliifundisha kila mwaka: shika sahihisho la kwanza, mengine ni madogo, yaache.

Baraza la ardhi likaja. Mwenyekiti, Kamisi, alikuwa mwanafunzi wa Night zamani. Alifumba jicho moja, akasogea kushoto, akasogea kulia.

"Mwanga iko napinda, mwalimu. Hata mimi naona."

"Basi mutu iko chini."

"Iko. Lakini inapinda kidogo tu. Wewe mwenyewe ulitufundisha: kitu kidogo, tunaacha."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Afande akawaagizia soda, na kiwanja kikabaki chake. Mnyonge hana haki. Night aliona aibu kuliko hasira, maana somo lilikuwa lake na alikuwa amelifundisha vizuri.

Paska akasogeza kigoda chake hadi ukutani, akaegemea upande alikolala mumewe. Hakutoka tena hapo. Night aliendelea kwenda na kurudi, Arua na Koboko, baraza hili na lile, na kwa kuwa karibu na ukuta saa ziliburuta miguu, mvi zake zikatangulia za mama yake. Siku hizi wanunuzi wa mihogo humwamkia yeye kwanza, wakidhani ndiye mzazi, naye huitikia.

Mtiki unaonekana bado. Afande Wani naye hazeeki, kwani hushinda humo ghalani, meza yake juu ya Yugu.