Kioo cha Dereva

Kisu cha mezani kilikuwa kimeshaingia chini ya swichi ya mlango, na Anko Sawa alikuwa ameshalaani mara mbili, mkewe aliposimamisha cherehani na kumwuliza kutoka barazani kama anachinja gari au analitengeneza.

"Nalitengeneza."

"Basi kizungushie kitambaa hicho kisu. Utauchuna mlango wote."

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyu Fundi. Alikuwa amewashonea nguo za shule, za harusi na za msiba kwa miaka kumi na mitatu, na sasa hata mumewe alimwita hivyo, isipokuwa akiwa na njaa, hapo alimwita mama. Jina la Anko Sawa lilitoka kwa watoto saba aliowapeleka shule asubuhi na kuwarudisha alasiri. Ukimwambia pita njia hii, sawa. Ukimwambia subiri nusu saa mtoto amalize kunywa chai, sawa. Ukimpunguzia nauli, alimeza mate kwanza, kisha sawa.

Jana yake mkaguzi wa magari alikuwa amebonyeza kitufe, kioo cha dereva kikashuka mpaka chini, kikagoma kupanda. Akaandika kwenye fomu: kirekebishwe, gari lirudishwe kesho kabla ya saa tisa. Kesho yenyewe ndiyo hii. Stika ya zamani ya ukaguzi ilikuwa inakwisha leo, na mwalimu mkuu alikuwa amesema, kwa upole kabisa, kwamba gari lisilo na stika mpya halitabeba mtoto wake hata mmoja. Kulikuwa na dereva mwingine aliyeshapiga simu kuulizia njia hiyo. Anko Sawa hakuwa na kazi nyingine, na katika umri wake hakujua angeanzia wapi kuitafuta.

Muuza vipuri alikuwa amemtajia bei ya swichi mpya huku macho yake yakiwa kwenye simu. Anko Sawa alidhani amesikia vibaya, akaomba arudiwe. Akarudiwa. "Vitu vimepanda, bosi," muuzaji alisema, kana kwamba vitu vina miguu. Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya kuwashusha watoto shuleni huku dirisha limezibwa kwa mfuko wa nailoni, alirudi nyumbani akachukua kisu.

Kibao cha swichi kilichomoka kwa mlio wa kuvunjika, lakini hakikuvunjika. Alichomoa plagi ya nyaya, akakaa nacho kizingitini, akaanza kubandua vishikizo vya pembeni. Kifuniko kiliruka ghafla, na kitu chembamba kikaruka nacho kikalia ting mahali fulani kwenye saruji.

"Usiinuke!" Fundi alisema. "Usisogeze hata mguu."

Alikuja na sumaku yake ya kuokotea pini, akaipitisha sakafuni polepole, na mara ya tatu springi ndogo ikadandia. Kisha akamnyang'anya kibao bila kuomba. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kukatia, akatoa kila kitu kilichokuwemo ndani, na kando ya kila kipande akachora kwa chaki ya kushonea mahali kilipotoka na upande kilikoelekea.

"Umejifunzia wapi haya?"

"Kwani koti lenye bitana linafumuliwaje? Ukifumua bila kuweka alama, utalirudishaje?"

Ndani kulikuwa na vipande vidogo vya shaba vilivyokaa kama bembea, kimoja chini ya kila kitufe. Vingine viling'aa. Cha kioo cha dereva kilikuwa cheusi upande mmoja, kimeungua na kushika uchafu wa kunata, bila shaka juisi ya mtoto fulani. Upande mweusi ndio uliokuwa wa kupandisha.

"Basi ni hiki tu?" alisema Anko Sawa. "Kitu hiki tu, na yule ananitajia bei ile?"

Fundi alikuwa ameinamia kazi, ncha ya ulimi imetokeza kidogo, kama alivyofanya akitunga uzi. Alisugua shaba kwa ufutio wa penseli, akapuliza, akasugua tena, akaipangusa kwa pamba na spiriti mpaka ikarudisha rangi yake. Akafanya vilevile na vituo viwili vya shaba ambavyo bembea ilikuwa inagonga. Iliwachukua karibu saa nzima kurudisha springi, maana moja ilikuwa inateleza kila kifuniko kinapokaribia kukaa. Mwishowe Fundi aliishikiza kwa ncha ya sindano hadi kifuniko kikabana, kisha akaivuta sindano taratibu.

Walirudi kwenye gari. Anko Sawa akachomeka plagi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Umewasha gari?" Fundi aliuliza.

Hakuwa amewasha. Alizungusha ufunguo, akainua kitufe, na kioo kikatoka mlangoni kikapanda bila kusitasita mpaka kikafika juu. Wakakishusha, wakakipandisha. Mara ya nne Fundi alicheka kwa sauti na kupiga makofi, na Anko Sawa alimtazama kupitia kile kioo akajisikia mtu mwenye bahati. Alimwambia apande waende wote, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mikono yake.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa umejaa, na ilipotimu saa nane ndipo wakafikiwa. Mkaguzi alikuwa kijana nadhifu, viatu havina vumbi pale ambapo kila mtu alikuwa na vumbi. Alifungua mlango wa dereva, akashusha kioo, akakipandisha. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Risiti ya gereji?"

"Hatukwenda gereji, mkuu. Tumetengeneza nyumbani."

"Mmetengeneza nani na nani?"

"Fundi ni huyu hapa."

Mkaguzi aliinama akamtazama mwanamke aliyekaa kiti cha abiria. "Fundi wa nini?"

"Cherehani," alisema mwenyewe.

Kijana alicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyepata kichekesho cha kwenda kusimulia wenzake. "Mama yangu, gari si gauni."

"Lakini kioo umekiona kinapanda."

"Mimi nimekiona. Fomu haijakiona. Hapa pameandikwa, kazi imefanywa na nani, na panataka muhuri wa gereji iliyosajiliwa." Akaelekeza kalamu ng'ambo ya barabara. "Pale wanaandika. Wahini, saa tisa nafunga."

Fundi alimgeukia mumewe, akangoja. Anko Sawa alijua anangoja nini, na alijua pia watoto saba ndio kazi yake yote.

"Sawa, mkuu," alisema.

Mwenye gereji alikuwa ameketi juu ya tairi. Hakuinuka. Aliuliza ni kitu gani, akafungua kitabu cha risiti juu ya goti, akaandika: kubadilisha swichi ya kioo, mpya. Penye "kazi imefanywa na", akajaza jina lake na kulipigia mstari.

"Hujaigusa hata swichi yenyewe," Fundi alisema.

"Unataka niiguse, mama? Hiyo itakuwa bei nyingine."

Fundi ndiye aliyelipa, kutoka kwenye pochi yake, pesa aliyokuwa ameiweka ya kununulia zipu na vifungo. Anko Sawa aliona aibu ambayo hakuwa ameizoea. Aibu ya kukosa aliijua vizuri. Hii ilikuwa ya kusimama kando huku mkono wa mkewe unafutwa kwenye kazi yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia karatasi.

Waliporudi, mkaguzi hakugusa kioo tena. Alisoma risiti, akaibandika kwenye fomu, akagonga muhuri, akabandua stika ya zamani na kubandika mpya kwa uangalifu mkubwa. Halafu akaegemea dirisha.

"Umeona sasa, mama? Kazi ikifanywa na fundi inaonekana."

"Nimeona," Fundi alisema, akitazama mbele.

Nyuma yao kwenye foleni kulikuwa na pikapu iliyozibwa dirisha la dereva kwa nailoni. Mwenyewe alishuka mbio, fomu mkononi, akamjia Anko Sawa.

"Kaka, samahani. Na wewe jana kilikuwa hakipandi, si ndiyo? Nilikuona. Nani kakutengenezea?"

Mkaguzi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, akisikia. Gundi ya stika ilikuwa bado mbichi.

"Gereji ya ng'ambo," alisema Anko Sawa.

"Bei yao ikoje?"

Kabla hajajibu alisikia mlango wa upande wa pili ukifunguka. Fundi alishuka, akazunguka nyuma ya gari bila haraka, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu. Alifungua mlango wake, akachuchumaa mbele ya swichi kama anayempima mtoto kiuno, akatoa mkasi mwembamba mkobani.

"Chomoa ufunguo," alimwambia mwenye pikapu. "Kisha unitandikie kitu hapa chini, cheupe kama unacho."

Mtu yule alimtazama Anko Sawa, akamtazama mkaguzi, akaenda kutafuta. Madereva wawili wa nyuma walishuka kuja kuona. Kisha watatu.

"Hee, mama!" mkaguzi aliita. "Hapa si mahali pa kutengenezea magari. Mama! Mwambie mkeo atoke hapo, la sivyo hiyo stika naibandua."

Anko Sawa alitazama stika kwenye kioo cha mbele, tarehe yake mpya na muhuri wake. Alizima gari, akashuka, akafunga mlango nyuma yake.

"Fundi yuko kazini, mkuu," alisema. "Subiri amalize."